Shimo la Basile

Ukinikuta barabarani juu ya baiskeli yangu ya njia za changarawe, vua kofia kwa heshima ya baiskeli, si ya anayeiendesha. Baiskeli ina tairi nene zenye meno, usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, na breki zinazoweza kusimamisha treni. Mimi nina miguu ya kuku na kaptura ya kubana. Bibi yangu aliponiona nayo mara ya kwanza aliniuliza, kwa huruma kabisa, kama nimesahau kuvaa suruali juu yake.

Hata hivyo, hapa Vaubrenne, kwenye vilima vya Morvan ambako njia hupanda ili tu ipate pa kuteremkia, nilikuwa na jina. Nilikuwa mchora njia wa klabu ya baiskeli. Kazi yenyewe niliifanya kwenye kochi, kompyuta mapajani, bakuli la viazi vya kukaanga ubavuni. Nilibofya malisho haya, nikabofya msitu ule, nikawatumia wenzangu mchoro. Wao waliendesha, wakarudi wamelowa jasho, wakanitukana.

"Kile kilima, Basile, ulikipanda mwenyewe?"

"Nilikipanda kwa macho."

Mambo yangeendelea hivyo mpaka uzeeni kama si mkutano wa kijiji wa mwezi wa nane. Meya alisimama akatangaza kwamba njia ya Chesnoy haipitwi tena na mtu, na njia ya kijiji isiyopitwa na mtu inaweza kuuzwa. Mnunuzi alikuwepo, mstari wa mbele, amekaa kama mtu aliyekwisha lipa: Mzee Roussot, mfugaji, mwenye malisho upande huu na upande ule wa njia, na ng'ombe weupe wanene kuliko magari yetu. Alitaka kuunganisha malisho yake mawili yawe moja. Mkaguzi angekuja Jumapili ya pili ya mwezi wa tisa kuiona njia kwa macho yake na kumsikiliza kila mwenye la kusema.

Bibi Ginette, bibi yangu, alikuwa kando yangu. Aliukaba mkoba wake kama vile mkoba ndio uliotoa wazo hilo.

Mwisho wa njia ya Chesnoy, bondeni, anaishi Huguette, rafiki yake tangu wakiwa wasichana. Kila Alhamisi walicheza karata wakiibiana waziwazi. Tangu miiba ifunge njia, Bibi hana budi kunisubiri mimi nimpeleke kwa gari, kwa kuwa barabara kubwa ni ya malori ya magogo na haina hata pa kuweka mguu. Na kunisubiri mimi, waulize walionisubiri. Njia ikiuzwa, Alhamisi zimekufa.

Basi mdomo wangu ukasimama kabla ya miguu.

"Jumapili hiyo hiyo ndiyo ziara ya klabu!" nikasema. "Na njia niliyochora inapita Chesnoy! Watu thelathini!"

Solange, mwenyekiti wa klabu, mwalimu mstaafu wa michezo mwenye mashavu ya miguu kama mikate miwili, akageuka taratibu.

"Inapita Chesnoy?"

"Inapita."

Nilipofika nyumbani ndipo nikaipitisha. Picha ya kutoka angani ilionyesha vichwa vya miti tu. Njia ilikuwa chini yake, haionekani. Nikaona isinisumbue. Nikavuta mstari mmoja kutoka lango la juu mpaka kwenye bwawa la zamani la kufulia nguo pale bondeni, mlangoni kwa Huguette. Mstari ulionyooka, mzuri, kama suruali iliyopigwa pasi. Utasema ningekwenda kukagua. Lango lile ni mwendo wa robo saa kutoka kwangu. Ndiyo sababu sikwenda: kitu kilicho karibu hakina haraka.

Bibi yeye hakukaa bure. Alitangaza kwamba meza ya chakula, ambayo miaka yote huwekwa ukumbini, mwaka huu itawekwa bwawani. Kwetu mtu huweza kusahau pampu, akasahau maji, akasahau hata mke aliyekuja naye. Meza ya chakula hasahau.

Jumapili ikaja na ukungu, ng'ombe wamelala kwenye umande. Asubuhi ilikwenda vizuri mpaka nikaanza kujisikia. Changarawe ililia chini ya tairi, tukapanda, tukateremka, tukafungua malango na kuyafunga.

"Leo umechora kama mtu mwenye miguu," Solange akaniambia.

Kisha tukafika lango la Chesnoy.

Nyuma ya lango palikuwa na ukuta. Si wa mawe. Miiba ya matunda ya porini, imesukana, imepanda juu ya miti na kuning'inia, mirefu kupita kofia ya Solange. Watu thelathini wakashusha miguu chini. Ndege mmoja akalia, nikamwona mbea.

"Basile," Solange akasema. "Hii ndiyo njia?"

"Mwanzoni tu. Ndani imefunguka."

"Umeingia ndani?"

Nikafunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havina kamba.

Mmoja akakumbusha kwamba kuna lami inayozunguka, kilomita tatu, na inafika pale pale kwenye chakula. Baiskeli zikaanza kugeuka. Hapo nikasema ukweli, na nadhani ndilo jambo la maana pekee nililosema mwezi ule: mkaguzi yuko chini anangoja, tukitokea kwa barabara njia ni ya Roussot, na bibi yangu hatamwona tena Huguette isipokuwa kwa hisani ya gari langu.

Solange aliniangalia kwa upole.

"Bibi yako namheshimu, mwanangu. Lakini ngozi ninayo hii moja tu."

Ningekuwa mtu mwingine ningeomba, ningelia, ningeleta hoja. Mimi nilipaza sauti, "Nifuateni!" nikaingia kwa kasi.

Miiba ilinipokea kama ndugu aliyepotea. Ilinishika mikono, ikanishika masikio, ikaniuliza habari za kaptura na kubaki na kipande. Nikaendelea. Kulia kwangu niliona mawe mawili matatu yamejipanga, yenye kuvu, yakikata kona. Leo najua hiyo ndiyo iliyokuwa njia. Lakini kifaa cha ramani kwenye usukani kilisema moja kwa moja, na mimi nilimwamini mchoraji. Sikukumbuka kuwa mchoraji alikuwa anakula viazi.

Ardhi ikaisha.

Chini palikuwa na shimo ambamo ng'ombe wa Roussot hunywa maji. Sasa, ng'ombe akinywa hasogei pembeni kufanya mengine. Nilitua kwa miguu, nikazama mpaka kiunoni, na baiskeli ikafuata ikanikalia shingoni. Ng'ombe watatu walinyanyua vichwa. Hawakushangaa, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikaita, kwanza kishujaa: "Niko salama!" Nikazama kidogo. "Jamani!" Nikazama tena. "Bibi!"

Huko juu nikamsikia Solange: "Mungu wangu, kile kitoto kinakufa kweli. Haya, ingieni! Kanyageni! Msiionee miiba huruma, haina mama!"

Wakaingia wawili wawili, wakikanyaga kwa soli ngumu, wakisukuma matawi kwa magurudumu. Baiskeli walikuja nazo begani, maana hakuna anayeacha baiskeli ya bei ile kando ya lango. Walipofika kwangu nyuma yao palikuwa na njia pana ya kupitisha ndama. Wakaunganisha mipira ya ndani ya tairi, wakanitupia, wakavuta. Nilitoka kwa sauti ambayo sitaieleza.

"Sasa turudi?" mtu akauliza, akiwa ameziba pua.

Upepo ukapanda kutoka bondeni. Ulileta harufu ya vitumbua vya jibini vya bibi yangu, vile anavyovitoa kwenye oveni vimefura kama mashavu. Watu thelathini wakageuza pua upande ule.

"Mbele ni karibu zaidi," akasema yule yule wa lami.

Solange akanitanguliza. "Miiba iliyobaki utaimaliza wewe kwa mwili wako. Umeshaharibika."

Kule bwawani, nilivyosimuliwa baadaye, walikuwa wamekaa mezani wanne: Bibi, Huguette, Roussot, na mkaguzi, bwana mwembamba aliyevaa viatu vya mjini. Mkaguzi alikuwa akitazama saa yake. Roussot akamsogezea sahani.

"Kula, bwana. Humo hatatoka kiumbe isipokuwa nguruwe mwitu."

Ndipo nikatoka mimi. Kahawia kuanzia kifuani kwenda chini, majani kichwani, nikihema.

"Si nilikwambia!" Roussot akapiga meza.

Nyuma yangu wakatoka wengine, mmoja baada ya mwingine, wamechanika, baiskeli begani, wakipita moja kwa moja kwenye vitumbua bila hata salamu, wakisimulia shimo langu midomo imejaa. Mkaguzi aliwaangalia mpaka wa mwisho.

"Huwa mnapita hapa?" akauliza.

Nikaona midomo inasita. Tungeweza kudanganya. Bibi akaweka chini kisu cha soseji.

"Hapana. Sijapita miaka miwili, kwa ajili ya miiba. Kabla ya hapo nilipita kila Alhamisi tangu niolewe."

"Na kila Alhamisi aliniibia karata," Huguette akasema. "Andika na hilo."

"Leo wamepita kumwokoa zuzu!" Roussot akawaka. "Kupita gani huko?"

"Sheria inaniuliza kama watu wanapita, bwana. Hainiulizi kama wana akili." Mkaguzi akafuta ndevu. "Lakini siku moja haitoshi. Njia hii imezibwa na miiba, si na Bwana Roussot. Nani ataitunza?"

Solange akameza kwanza.

"Klabu itapita kila mwezi. Na kuitunza..." Akanyoosha kidole, hakutazama hata kimeelekea wapi. Vidole vingine vyote vikafuata.

Nilifumbua mdomo. Kwa mara ya kwanza mwaka ule hakikutoka kitu.

"Amekubali," Bibi akasema. "Huyu akinyamaza ndipo amekubali."

Kabla ya Krismasi baraza likapiga kura: njia haiuzwi. Roussot alininunia wiki mbili, kisha akaja mwenyewe na trekta akaweka lango jipya lenye springi, linalofunguka bila mtu kushuka kwenye baiskeli. Kila nikipita hunifokea kutoka malishoni: "Funga lango, nguruwe mwitu!" Nadhani ananipenda.

Njia yangu sasa ndiyo maarufu kuliko zote nilizowahi kuchora. Watu huja mpaka kutoka Lyon. Wakifika pale mawe yanapokata kona hushuka, huchungulia chini, hupigana picha. Kwenye ramani ya klabu Solange amepaandika Shimo la Basile, kwa herufi kubwa kuliko jina la kijiji.

Nami Alhamisi asubuhi nipo humo na mundu na glavu za marehemu babu, nafyeka. Miiba ya Morvan ukiikata jioni, asubuhi inakusalimia kwa jina. Bibi Ginette hupita nikiwa nimeinama, karata mfukoni, mkongojo mkononi, anawahi kwa Huguette. Hasimami. Husogeza tawi kwa ncha ya mkongojo.

"Hapa umeacha mmoja," hunambia, na kuendelea kuteremka.