Nyundo Haijui Undugu

Asubuhi ya mtihani niliamka nimechoka kuliko nilivyolala. Siku hizi ndivyo ninavyoamka. Mkwe wangu alikuwa ameshachemsha chai, ameshamfunga mjukuu vifungo vya sare ya shule, na sasa anavaa buti zake za kazi. Mwanangu, mumewe, alikaa mezani akikitazama kikombe, maana tangu tanuri la shaba lizimwe hana mahali pa kuwahi. Mkwe alisema jambo huku ameinamia kamba za buti. Nikajibu, "Sawa." Akainua kichwa, akaniangalia kidogo, kisha akaendelea na kamba zake.

Usoni hakuonyesha kitu. Huyu binti huwa haonyeshi kitu. Siku ya harusi yake mashangazi walinong'onezana kwamba ameozwa kwa nguvu. Siku aliyojifungua, mkunga alimwambia arudi nyumbani, uchungu bado, na mtoto akazaliwa pale pale mlangoni. Mwanangu humwita Ukuta, na yeye huitikia.

Mimi ni fundi wa kupanga matofali ndani ya matanuri, na uzeeni nimefanywa mkufunzi. Maisha yangu nimeyamalizia ndani ya matanuri yaliyopoa nusu, nikibomoa kwa mashine za upepo matofali yaliyoliwa na moto, kisha nikipanga mapya. Viziba masikio tulipewa, lakini tulivivaa shingoni kama shanga. Sasa mahali pa tanuri pamejengwa mtungi wa presha. Ni pipa la chuma refu kama nyumba, limelazwa ubavu, na ndani yake mawe yaliyosagwa hupikwa pamoja na asidi, yamefungiwa kama maharage kwenye sufuria ya presha, mpaka shaba iachane na jiwe. Chuma kitupu hakiwezi kuvumilia asidi hiyo. Kwa hiyo ndani hupangwa matofali, pete baada ya pete, na kila pete hufungwa juu kwa tofali la mwisho linaloingizwa kwa kubana. Moja likilegea litaanguka siku moja, asidi itapata njia, na anayefanya kazi kando ya mtungi ataupata mvuke usoni. Nimewahi kwenda hospitali kumtazama mtu wa namna hiyo. Sitamweleza hapa.

Tofali lililolegea hujulikana kwa sikio. Unaligonga kwa nyundo ndogo. Lililobana hulia kwa sauti kali, lililolegea hulia bubu. Hivyo ndivyo ninavyofundisha, na ninafundisha vizuri. Shida ni kwamba mimi mwenyewe tofauti hiyo siisikii tena. Wahenga walisema sikio halilali na njaa. Langu limelala na njaa muda mrefu sana. Mtu akinisemesha karibu, upande wa kushoto, nampata. Lakini nyundo kwangu zote zinasema neno moja.

Basi nimeishi kwa macho. Aliyepanga matofali anajua moyoni mwake ni wapi aliharakisha. Nikigonga, silitazami tofali, namtazama yeye. Nikifika pabaya atameza mate, au atajikuna shingo, au mguu utasogea. Hapo nasema, "Hili limelegea," na darasa zima linayasifu masikio yangu. Kila mara naona aibu, na kila mara narudia. Nikisema ukweli nitapewa mkono wa kwaheri, na nyumbani kwetu anayeleta unga ni mimi peke yangu.

Ndiyo maana nilitaka mkwe, aliyekuwa mwanafunzi katika kozi yangu, afaulu mtihani ule. Akifaulu angeajiriwa kwenye mtungi, nami ningekaa chini. Sikutaka sherehe wala zawadi ya kustaafu. Nilitaka kukaa chini tu.

Nilikuwa nimemwambia msimamizi wa kiwanda kwamba si vizuri nimpime mtu wa nyumbani kwangu. Msimamizi huyo tunamwita Bwana Saa, kwa kuwa macho yake hayabanduki mkononi.

"Mama, nyundo haijui undugu," alinijibu. "Na mpimaji mwingine nitamtoa wapi? Tumalize tu."

Katika karakana ya mafunzo kuna kipande cha mtungi wa kujifunzia, na humo kila mwanafunzi alikuwa amepanga pete yake. Sheria ni moja: tofali moja likilegea, umeanguka, subiri kozi nyingine, na nyingine hakuna ajuaye itakuja lini.

Wa kwanza alikuwa Kicheko, mzee mwenzangu wa enzi za tanuri, ambaye hucheka hata msibani.

"Mama Tanuri, gonga taratibu," alisema. "Hayo matofali yangu yana haya!"

Nikagonga pete nzima, naye akacheka mwanzo mpaka mwisho. Sikuona doa usoni pake. Nikampitisha. Wa pili nilimwangusha, maana alijing'ata mdomo kabla hata nyundo haijafika.

Kisha ikaja zamu ya mkwe wangu. Akaingia nami ndani ya mtungi, akasimama kushoto kwangu, mikono nyuma. Nikaanza chini, nikapanda upande mmoja. Kila nikigonga natazama, na kila nikitazama naona Ukuta. Magoti yaliniuma, jasho likaniingia machoni. Laiti angekohoa! Nimeishi na binti huyu nyumba moja, tumekula sahani moja, na bado sijui akikasirika anakuwaje.

Nikajiambia, sema imepita. Nani atajua? Halafu nikakumbuka kwamba atakayesimama kando ya mtungi wa kweli ni yeye, mama wa mjukuu wangu. Nikaendelea kugonga kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya.

Nilipokaribia juu, nikagonga tofali la tatu kutoka lile la kufungia. Uso wa mkwe wangu ukakunjamana. Macho aliyafumba, mdomo ukaenda upande, kama mtoto anayejifanya anaumwa tumbo asiende shule. Nikagonga la jirani, uso ukanyooka. Nikarudi kwenye lile la tatu, akakunjamana tena, na aliigiza vibaya kweli kweli. Kisha akafumbua macho akanitazama, akingoja nimwangushe.

Alijua kwamba sisikii. Alikuwa anaitupa kazi yake ili mimi nisiumbuke mbele za watu. Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumzaba kibao.

Tukatoka nje.

"Imepita?" akauliza Bwana Saa, jicho kwenye mkono.

"Haijapita. La tatu kutoka la kufungia."

Mkwe akainamisha kichwa. Bwana Saa akaenda kuligonga mwenyewe, akarudi akitikisa kichwa kwa kustaajabu.

"Hata mkwe wako humwonei haya! Masikio yako, mama, ni ya paka."

Ningeweza kunyamaza. Nilishazoea. Lakini nilikuwa nimechoka mno, na uso ule uliokunjamana haukunitoka machoni.

"Masikio yangu yamekufa, bwana," nikasema. "Mpe huyu nyundo, azigonge pete zote upya."

Kicheko akaangua kicheko akidhani ni utani. Mkwe hakuipokea nyundo mpaka nilipomfumbatisha mpini. Akaingia. Sote tukasimama mdomoni mwa mtungi. Alipofika kwenye pete ya Kicheko, pete niliyoipitisha asubuhi ile kwa kinywa changu, akagonga mahali, akasimama, akagonga tena. Mimi sikusikia tofauti. Nilijua kwa sababu Kicheko aliacha kucheka. Bwana Saa naye alikuwa ameisahau saa yake.

Bwana Saa alininyooshea mkono, nikampa kitambulisho changu cha ukufunzi. Hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Mkwe hakupewa cheti, maana sheria ni sheria. Tukaondoka pamoja, hakuna aliyefaulu kati yetu, yeye kushoto kwangu kama kawaida. Ndipo nilipogundua kwamba kwa muda mrefu amekuwa akitembea upande ule.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu nilipokuuliza chumvi iko wapi, mama, ukanijibu sawa."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta wa nyumba ya watu. Yeye hakucheka, au labda alicheka kwa namna yake.

"Na asubuhi ya leo ulisema nini?"

Akasogea karibu kabisa na sikio langu, akasema polepole, neno moja moja.

"Nilisema pete yangu ina tofali bovu, nimeligundua jana saruji ikiwa imeshakauka. Nikasema, ukilifikia, mama, usinionee huruma."

Nami nilikuwa nimemjibu sawa.

"Sawa," nikamwambia, na safari hii nilikuwa nimesikia.