Mkono wa Zamu ya Usiku

Kila jioni mtoto alipoanza kulia, Bibi alifanya mambo yale yale kwa mpangilio ule ule. Kwanza alimpangusa udenda kidevuni, maana ngozi ya pale ilishakuwa nyekundu na kuchubuka. Halafu alichukua kitambaa cheupe kilichokuwa kwenye bakuli la maji baridi, akakikamua mpaka kikaacha kudondosha, akakisokota ncha na kumpa atafune. Kitambaa kikishindwa, kilifuata kijiko kilicholazwa ndani ya mtungi. Kijiko nacho kikishindwa, alimfunga mgongoni akatembea naye kutoka mlangoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mlangoni, huku akimtania.

"Vumilia, bwana wangu. Mimi yamenitoka, wewe yanakuingia. Tutapishana njiani."

Bibi alikuwa amebakiza magego mawili tu, yote upande mmoja, na hayakuwa yakikutana. Mjukuu wake hakuwa na hata jino moja. Vibogoyo wawili kwenye chumba kimoja, na mwenye kelele alikuwa yule mdogo. Fundi viatu aliyepanga chumba cha pili alikuwa akigonga ukuta kwa nyundo yake, si kwa hasira, ila kuwajulisha kwamba naye hajalala.

Mama wa mtoto, ambaye ni kitinda mimba wa Bibi, alifanya kazi ya kukunja mashuka kwenye kiwanda cha kufulia nguo za mahoteli na hospitali. Alitoka nyumbani mchana, mtoto akiwa amelala, akarudi alfajiri, mtoto akiwa amelala. Asubuhi mtoto alipoamka, mama ndiyo kwanza alikuwa ameanguka kitandani kama gogo, na Bibi alimtoa mjukuu nje upesi ili asimwamshe. Basi mama na mwana waliishi chumba kimoja kama wapangaji wasiojuana.

Fizi zilipoanza kuvimba, mama alimwendea nyapara wa kiwanda akaomba ahamishiwe zamu ya asubuhi mpaka meno yatoke. Nyapara hakuwa mtu mkali. Aliegemea mashine, akafikiri, akamjibu kwamba mtoto akishamaliza kuota meno hakutakuwa tena na sababu ya kuhama, kwa hiyo asubiri.

Mkono ulikuja kwa mara ya kwanza siku ya mvua. Hodi ilipopigwa, Bibi alidhani ni fundi viatu amechoka kugonga ukuta. Alifungua mlango asione mtu. Alipotazama chini aliuona mkono wa kushoto wa binti yake, kuanzia kifundo, umesimama kwa vidole vyake kizingitini na umelowa chapachapa. Aliutambua kwa kovu la chai ya moto kwenye kidole gumba.

"Umechelewa," Bibi aliuambia. "Ingia basi, usituletee baridi."

Ulikuwa unanuka dawa ya kung'arisha mashuka, kwa hiyo aliuosha kwanza kwa sabuni, akaukausha katikati ya vidole, akaukata kucha moja iliyochongoka. Kisha akauweka kitandani. Mkono haukubabaika. Ulipanda kifuani kwa mtoto, ukampapasa shavu, ukaingiza kidole mdomoni na kuanza kumsugua ufizi polepole, pale pale kwenye uvimbe, mahali ambapo Bibi alikuwa ametafuta siku zote bila kupapata. Mtoto alipiga kwikwi mara chache, akanyamaza. Upande wa pili fundi viatu alikohoa, akazima taa. Bibi alikaa chini akala chakula chake, ambacho kilikuwa kimepoa, lakini alikila kwa utulivu.

Alfajiri mama alirudi akiwa na mikono yote miwili. Bibi alimuuliza amefanyaje kazi. Akaeleza kwamba mashuka hukunjwa na watu wawili wakitazamana, kila mmoja na pembe zake mbili, wanakung'uta, wanasogeleana, wanarudi nyuma, kama watu wanaocheza ngoma. Pembe moja aliishika kwa mkono wa kulia, ya pili akaiuma kwa meno. Mwenzake wala hakulalamika.

"Yanatoka sawa tu," alisema, akalala na viatu.

Tangu hapo mkono ulikuja kila jioni baada ya chakula. Njia ilikuwa na kokoto, na ncha za vidole zilianza kuchanika, jambo lililomsumbua fundi viatu kuliko kelele zilivyomsumbua. Alikuja na uzi wake, akaulaza mkono mezani, akaupima kidole kimoja kimoja, akaushonea viatu vitano vya ngozi laini. Alichouliza tu ni kama unataka visigino. Mkono ukatikisa kidole, hautaki.

Kiwandani nako mambo yaliwekwa sawa. Mlinzi wa getini aliupekua mkono ulipotoka kama alivyompekua kila mtu, akiukunjua kiganja aone kama haujafumbata kipande cha sabuni, kisha akaupungia.

Jino la kwanza lilitoka mkono ukiwa kazini. Bibi alimwona mtoto akikaza uso, akauma. Mkono uliruka kidogo, ukatulia, ukaachia kidole kiendelee kuumwa. Alfajiri mama aliingia akiwa ameinua kidole juu kama mtu anayeomba kuongea mkutanoni.

"Limetoka la chini," alisema. "Upande wa kulia. Lina makali kama msumeno."

Bibi alimwambia amtazame basi. Alimtazama, lakini mtoto alikuwa amelala na mdomo ameufunga kama mkoba. Mama alisubiri kando ya kitanda, amejishika shavu, mpaka usingizi ukamshinda palepale. Mchana aliondoka hajaliona. Kila alfajiri alimwonyesha Bibi alama mpya kidoleni, akauliza, hili nalo limekaaje, limenyooka, na Bibi akamweleza vizuri, jino kwa jino, kwa umbo na kwa rangi. Alichokuwa anakitaka binti huyu hakikuwa kikubwa. Alitaka mtoto acheke mbele yake mara moja, ayaone.

Nyapara alikuwa amemtazama muda mrefu akikunja kwa mkono mmoja na meno. Alisubiri mpaka awe na hakika. Ndipo akamwondoa yule mwenzake, akampeleka kwenye mashine za kukausha, akawaeleza wote kwamba mtu anayeweza kushika kwa meno hahitaji wa kumshikia. Sasa mama alikunja peke yake. Pembe moja aliibana kwenye ndoano ukutani, nyingine mkononi, na uzito wote wa shuka bichi ukawa unavutwa na meno yake ya mbele.

Mtoto alipopata homa, kama wapatavyo watoto wanapoota meno mengi kwa pamoja, mama aliomba ruhusa ya siku moja. Nyapara alimjibu kwa upole kwamba ruhusa yake inakwenda nyumbani kila jioni, na hajawahi kuizuia.

Wiki ile ile jino la mbele la mama lilitoka pamoja na pindo la shuka la hospitali. Alilitoa kwenye kitambaa, akalitia mfukoni, akamaliza kukunja. Alipofika nyumbani Bibi alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, akaangalia pengo.

"Umeniwahi, mwanangu," alisema. "Mimi nilisubiri nizeeke kwanza."

Mama alicheka akiwa ameziba mdomo. Bibi hakucheka.

Kisha boila ya kiwanda ikapasuka. Mvuke uliisha, mashine zikasimama, na wafanyakazi wakarudishwa makwao jua halijazama. Mama alikuja mbio. Aliingia bila kubisha hodi, mtoto akiwa amekaa mkekani, macho makavu, anacheza na kijiko. Alipiga magoti mbele yake na kumtabasamia na lile pengo lake.

Mtoto aliutazama uso ule, akauangalia tena, kisha akapiga kelele ambayo fundi viatu alisema baadaye hajawahi kuisikia. Alitambaa hadi kwa Bibi akamng'ang'ania shingoni. Mama alimnyooshea mkono wa kushoto, ule wenye kovu, ule aliouzoea. Mtoto alinyamaza kidogo. Akaufuata kwa macho, kutoka vidoleni hadi kifundoni, kutoka kifundoni hadi kiwikoni, mpaka begani, na alipokuta kwamba umeshikana na mtu, akalia upya, mdomo wazi kabisa.

"Kumbe ni manne," mama alisema.

Alibaki amepiga magoti, akiyatazama. Yalikuwa mazuri, mawili chini, mawili juu, yale ya juu yameachana kidogo, kama Bibi alivyokuwa amemweleza.

Giza lilipoingia mtoto alianza kutazama mlangoni. Alitazama chini, kizingitini, akisubiri. Bibi aliona hakuna njia nyingine. Alifunga kamba kutoka msumari hadi msumari, akatundika shuka la kitanda, akamwambia binti yake akae nyuma yake na apitishe mkono kwa chini. Mama alikaa. Bibi aliuosha mkono kwa sabuni, akaukausha katikati ya vidole, na kwa sababu mtoto alizoea kuvivua mwenyewe, akauvisha vile viatu vitano.

Mtoto aliuona ukitokea chini ya shuka, akatambaa kuukimbilia. Alivua viatu kimoja kimoja, akakishika kile kidole chake, akakitia mdomoni, akauma. Baada ya muda mrefu mama alinong'ona.

"Amelala?"

"Bado," alisema Bibi. "Usiongee, atakusikia."

Kesho yake boila ikatengenezwa. Shuka Bibi hakulitoa pale kambani. Alilikunja tu kando, kwa mikono yake miwili, pembe kwa pembe, ili lisizuie njia ya mlangoni.