Kilichotangulia Mikuki

Kaltuma alikuwa akifukiza kibuyu cha maziwa, kama alivyofanya kila asubuhi tangu mafuriko yakate barabara ya Garsen na kumfungia nyumbani. Alitia kaa la moto ndani, akaziba mdomo wa kibuyu kwa kiganja, akakitikisa mpaka moshi ukashika. Ndiyo kwanza anyooshe mkono kuchukua cha pili, akasikia baba yake, mzee Hiribae, akiita kutoka zizini kwa sauti ambayo haikuwa yake.

"Kaltuma! Niletee kisu, haraka!"

Kibuyu kilimponyoka, kaa likamwangukia mguuni, wala hakulihisi.

Zizini, ng'ombe watano walikuwa wametupa mimba kabla jua halijapanda. Kondoo ndio walioanza, juzi, siku chache baada ya Idi. Na sasa fahali mwekundu, baba wa nusu ya kundi la mzee Hiribae, alikuwa amelala ubavu huku uzi mwembamba wa damu ukimtoka puani.

"Lete," alisema Hiribae. "Asije akafa kibudu, nyama ikawa haramu."

Kaltuma alikishika kisu, asimpe. Alikuwa na miaka ishirini na minne, cheti cha afya ya mifugo, na haya nyingi kiasi kwamba mbele ya wanaume alizungumza na vidole vyake vya miguu.

"Baba, usimchinje," alinong'ona. "Na damu yake usiiguse."

Watu walikuwa wameshaanza kufika. Wa mbele alikuwa Johnson, mkulima Mpokomo wa Idsowe. Mpunga wake na migomba yake yote ilikwenda na maji, naye na watoto wake wakapewa hifadhi hapa kwenye mwinuko wa mchanga. Mkononi alishika sufuria.

"Leo Mungu kanikumbuka!" alisema. "Kila siku nawaambia ninyi Waorma, ng'ombe si picha ya kutazamwa tu."

"Nanyi mlidhani mpunga wenu unajua kuogelea," alijibu Bonaya, mdogo wake Hiribae, na watu wakacheka. Kisha akamtazama fahali. "Mbona huyu bado ana shingo nzima?"

"Binti yangu anasema tusichinje."

"Aa, daktari! Miaka miwili chuoni, umerudi kutuambia nyama ni mbaya? Kaltuma mwanangu, sisi tulitamba kutoka mto huu hadi mto Juba. Tulishindwa na mikuki, hatukushindwa na nyama."

Kaltuma aliipenda habari hiyo ya Juba kuliko Bonaya alivyodhani. Chuoni, wenzake walipomwuliza kama kwao kuna kitu zaidi ya matope na mbu, alinyamaza, lakini moyoni aliwaona wazee wake wakipita na ng'ombe wasio na idadi, nchi ikitikisika. Labda ndiyo sababu sauti ilimtoka.

"Baba mdogo, nyanya Kibibi hakusimulia hivyo. Alisema ndui ndiyo iliyotangulia. Vijana wa kushika mikuki walizikwa kabla adui hajafika. Baadaye, tulipoanza kuinuka, ikaja sotoka, ikafagia ng'ombe. Kila mara mikuki ilitukuta tumeshalala."

Alizungumza na vidole vya miguu, lakini kila mtu alimsikia.

"Na kwa nini bado tupo? Wageni wangapi wameleta ng'ombe wao kwenye msitu wa mto, wakawaacha humo mifupa? Sisi ndio tuliomjua mbung'o, inzi anayewaua. Mvua ikianza tunatoka mtoni, tunapanda mchangani. Hatukuandikiwa na mtu. Chuoni nilionyeshwa kwa hadubini jambo nililofundishwa na baba nikiwa na miaka saba."

Hiribae alikohoa, akatazama pembeni.

"Basi si tumepanda mchangani?" alisema Bonaya, sauti yake imelainika. "Tumekosea wapi?"

"Kwa mbung'o hatujakosea. Lakini mwaka huu maji yametufuata huku huku. Tazameni."

Waligeuka. Mabonde yaliyokuwa makavu tangu Hiribae akiwa kijana yalikuwa yamejaa maji pomoni, na mbu waliinuka juu yake kama vumbi la kundi.

"Mbu hao ndio wanaowapa mifugo homa. Redio imesema huko Garissa watu wamekufa wakitokwa na damu, na wengi ni waliochinja na kuchuna wanyama kama huyu. Ugonjwa uko damuni. Mbu anaufikisha zizini, sisi kwa kisu tunauingiza nyumbani."

Johnson alitazama sufuria yake. "Na maziwa?"

"Yachemshwe mpaka yafure."

"Basi leo ni uji wa maziwa," alisema taratibu, akaishusha sufuria chini.

Hiribae alinyoosha mkono. Kaltuma alisita, kisha akampa kisu. Mzee alikigeuza mara moja, akakirudisha alani, akakichomeka kiunoni.

"Chimbeni shimo, mbali na maji," alisema. "Akishakufa atavutwa kwa kamba. Asimguse mtu."

"Hiribae!" Bonaya alipiga kofi pajani. "Fahali wako afe kibudu mbele ya wageni wenye njaa? Watatusemaje?" Akamgeukia Kaltuma. "Nawe sema kweli. Tangu urudi unatutazama tu, huneni. Unatuona wajinga, sivyo? Sema leo, tusikie!"

Kaltuma aliinua uso. Aliwatazama wote, mmoja mmoja.

"Hapana, baba mdogo. Najivunia ninyi mpaka nashindwa kusema. Sitaki kuja kuwasimulia wanangu kwamba mliwahi kuwepo, kama nyanya alivyonisimulia waliouawa na ndui. Ninyi nawapenda kuliko ng'ombe."