Msumari wa Nyuma ya Mlango

Kile kimashine kilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni na kiburi cha meneja. Fundi alikuwa anashona mfuko wa suruali, mguu wake wa kulia ukikanyaga cherehani polepole kama anayebembeleza mtoto, ndipo umeme ukamchapa kiunoni. Mguu ukaruka, cherehani ikatimka, na kabla hajavuta pumzi mfuko ulikuwa umeshonwa mdomo. Mwenye suruali angeweka wapi mikono, shauri yake na Mungu wake.

"Mshenzi mkubwa wewe!"

"Mimi tena?" mumewe akauliza kutoka mlangoni. Alikuwa mpaka rangi wa majengo, na siku hiyo nywele zake zilikuwa nusu nyeusi, nusu krimu.

"Wewe bado. Subiri zamu yako."

Ilikuwa wiki ya tatu ya mateso ya kimashine hicho. Mshipa ulikuwa umembana Fundi kuanzia kiunoni mpaka kisiginoni, na tangu ubane hakuweza kukaa kwenye cherehani zaidi ya robo saa. Ndipo mtaalamu wa viungo kule kliniki akamwazima kimashine: vibandiko viwili chini ya mgongo, nyaya mbili, na kisanduku cha kufunga kiunoni.

"Usiguse kitu zaidi ya kuwasha na kuzima," mtaalamu alimwambia. "Siku saba za mwanzo kinakusoma. Unavyokaa, unavyotembea, misuli inavyojibu. Baada ya hapo kinaongeza na kupunguza umeme chenyewe. Masaa mawili asubuhi, masaa mawili jioni. Wiki ya tatu ikiisha bila nafuu, kinarudi, maana kuna watu kwenye foleni."

"Na mimi?"

"Wewe tutaanza kuzungumza habari ya kuacha cherehani."

Kumwambia Fundi aache cherehani! Hata mumewe alimwita Fundi. Hata mama mkwe. Akiacha, wangemwitaje?

Basi akakivaa. Kikamvuruga. Maumivu yakimkaba, kinamtekenya kama mbu aliyeshiba. Akitulia tuli, kinampiga teke. Alibadilisha vibandiko, akabadilisha kiti, siku moja akakibembeleza kwa maneno matamu. Hakuna.

"Labda hakikupendi," mama mkwe alimwambia, macho kwenye gazeti.

"Mama, hiyo ni mashine."

"Nimesema labda."

Kesho yake ilikuwa siku ya kukirudisha. Mtaalamu, msichana mwenye miwani iliyopanda utosini, alikichomeka kwenye kompyuta. Kiooni ikatokea michoro, milima na mabonde. Akatazama, akashusha miwani, akatazama tena.

"Fundi, unapanda ngazi?"

"Ngazi ya wapi? Nyumba yangu hata kizingiti haina."

"Kila siku saa saba na nusu mchana unapanda, unasimama juu nusu saa, unashuka. Na kabla ya hapo, saa tano, umelala chali fofofo."

"Saa tano mimi niko jikoni!"

"Basi hapa kuna miili mitatu." Mtaalamu alikuwa anajizuia, sijui asicheke au asilie. "Hiki kimashine kimemsoma mtu ambaye hayupo duniani. Anashona, anapanda ngazi, analala saa tano asubuhi. Ndiye kinayemtibu. Nani mwingine anakivaa?"

Fundi akafungua mdomo kukana. Akakumbuka. Msumari.

Alipoolewa, mama mkwe alikuwa na tabia ya kuficha mkasi. Bibi harusi akavumilia mwezi, halafu akapigilia msumari nyuma ya mlango na kutangaza sheria: kinachoning'inia hapa ni cha nyumba nzima, kila mtu achukue, asiulize, arudishe. Miaka kumi na tisa sheria ilishikwa. Mwavuli mmoja, futi moja, miwani moja ya kusomea kwa watu wazima watatu. Na kila siku, akimaliza masaa yake mawili ya asubuhi, Fundi alivua kimashine na kukitundika hapohapo kwa mkono wake mwenyewe.

Alitafuta wa kumkasirikia. Kila alipogeuka alijikuta yeye.

"Kifute kianze upya," alisema.

"Kufuta ni dakika moja. Kujifunza ni siku saba, na mgonjwa anayefuata nimemwambia aje kesho."

"Nipe nimwombe mimi. Siku saba, binti yangu. Zikiisha sijaweza kukaa saa nzima, nakileta mwenyewe na sitakubishia tena."

Mtaalamu aliguna, akashika simu, akaomba radhi kwa mtu asiyeonekana. "Siku saba," alisema alipomaliza, akakifuta kumbukumbu. "Mwili mmoja."

Nyumbani hakusalimia mtu. Alichukua nyundo.

"Nani anapanda ngazi na kimashine changu?"

Mumewe akajikuna krimu iliyokauka. "Kiuno kinaniuma, Fundi. Tangu mwaka jana. Nikija kula mchana nakichukua, jioni nakirudisha."

"Na hukusema?"

"Ningesemaje? Wewe ulikuwa hata viatu huvai bila kulia. Nikaona nyumba moja haibebi viuno viwili."

Hilo lilimchoma, lakini hakuwa na nafasi ya kuchomwa. "Kesho asubuhi uko kliniki, kwenye foleni yako. Nawe mama?"

"Mimi siumwi popote," mama mkwe alisema. "Kilikuwa kinanipa usingizi mzuri tu."

Fundi akang'oa msumari. Ulitoka na kipande cha plasta.

"Sasa miwani tutaiweka wapi?"

"Puani, mama!"

Akakaa kwenye cherehani. Akabandika vibandiko, akawasha, akachukua ile suruali na kuanza kuufumua mfuko, uzi mmoja mmoja. Dakika ya kumi maumivu yakaanza kushuka pajani. Kimashine kikamtekenya kimbu-mbu, kijinga, kama hakijawahi kumwona. Na ni kweli, kilikuwa hakijamwona. Ikafika dakika ya kumi na tano, mahali ambapo siku zote alinyanyuka. Meno yakasagana. Mkono ukaenda kwenye kitufe cha kuzima, ukarudi kwenye uzi.

"Tazama vizuri," alikiambia. "Huyu ndiye mimi."

Akavuta uzi wa mwisho, akaanza kukanyaga.