Bawa Kabla ya Kilele

Keziah Thirkettle, akirudi kijijini kwao, alikiona kinu cha upepo cha baba yake kabla hajafika kanisani. Bawa la juu lilikuwa limesimamishwa likikaribia kilele cha mzunguko wake, bado kidogo tu. Pale Hollesby hata mtoto anajua maana yake: bawa likisimama kabla ya kilele, nyumba ya mwenye kinu ina furaha. Likishapita kilele, kuna msiba.

Hakuwa ameliona hivyo tangu utotoni. Siku alipoolewa na Herbert, fundi wa kinu cha mvuke kule mjini, mzee Jabez aligoma kwenda kanisani. Alipanda kinuni, akalivusha bawa kilele, akakaza breki. Maharusi walipotoka kanisani walipokewa na msiba juu ya kilima, kijiji kizima kikitazama. "Binti yangu amefariki," mzee aliwaambia wateja, na hakuwa anatania. Tangu hapo kila akimaliza kusaga alilisimamisha palepale. Kinu cha mvuke kikamnyang'anya wateja, mwishowe akawa anasaga chakula cha nguruwe tu, lakini kiburi hakikupungua hata chembe. Uzee mwingine hauna haya.

Jana Amos Pask, mhunzi na jirani, alimtumia Keziah habari kwamba mzee anaumwa. Akaja akijiandaa kufukuzwa. Na sasa hili! Alikimbia kupanda kilima, kofia mkononi, akicheka na kulia kwa pamoja.

Amos alikuwa amesimama mlangoni.

"Amenisamehe, mzee Amos! Umeliona bawa?"

"Nimeliona, binti. Kaa kwanza."

"Sikai. Yuko wapi?"

Amos alivua kofia. "Nilipomwambia nimekuita, akanijia juu: 'Nisaidie kupanda, Kez atakiona kinu akiwa njiani.' Nikamwambia, we Jabez, kusimama tu huwezi, ngazi utaiweza? Akasema, 'Nyamaza, mpiga nyundo we.' Nikatoka kuchota maji, kumbe ndiyo nafasi aliyoitaka. Nimemkuta juu, chini ya breki, kamba yake ingali mkononi. Tumemlaza ndani, mwanangu."

Mzee alikuwa amelala na unga kwenye nyusi, kama siku zote. Keziah alimpangusa kwa kidole, kisha akaacha, maana unga ule ulikuwa wake.

"Mkaidi wewe," alimwambia. "Si ungeningoja hapa hapa kitandani?" Akalia mpaka sauti ikamkauka.

Mchana watu walianza kukusanyika uani, wakitazama juu na kunong'ona.

"Maiti ndani, na bawa linashangilia?" mwanamke mmoja aliuliza.

Amos alimsogelea Keziah. "Nikupandie, binti?"

"Hapana. Mimi ndiye wa nyumba hii."

Alipanda ngazi, akaishika kamba ya breki. Katika miaka yote ile baba yake alikuwa amemwambia neno moja tu, nalo ni lile bawa pale nje, na sasa desturi ilimtaka alifute kwa mkono wake mwenyewe. Alisimama hapo muda mrefu, akimchukia kila mtu aliyekuwa chini.

Mwishowe akavuta. Breki ikaachia, magurudumu ya mbao yakalia, upepo mdogo ukalisukuma bawa. Lilifika kilele, likapita. Akaiachia kamba, breki ikauma. Mwendo wote haukuzidi urefu wa meza ya chakula.

Uani wanaume walivua kofia.

"Nililiona, baba," Keziah alisema, uso ukiwa kwenye kamba. "Nililiona kabla sijafika kanisani."