Sahihi ya Profesa Ignas

Dokta Shakila Abeid hakuwa mtu wa kugombea vyeo. Kazi yake ilikuwa nyuki, wale wadogo wasiouma wanaojificha kwenye magogo na nyufa za kuta huko Kinole, na angeachiwa hiari yake angebaki milimani akiwafuatilia kwenye maua ya michungwa mpaka siku ya kustaafu.

Aliyemtoa huko ni Maneno, mwalimu mwenzake wa chuo. "Chama kinatufia mikononi," alimwambia.

Chama chenyewe kilikuwa cha wataalamu wa wadudu. Makao yake yalikuwa chumba kimoja tu mjini Morogoro, lakini muhuri wake ulikuwa na uzito. Dawa ya kunyunyizia mashamba ikipata baraka za chama, mabwana shamba huipokea bila maswali. Katibu, Godfrey, alikuwa na dawa moja aliyoitafutia baraka hizo kwa bidii, na Shakila alikuwa ameona inavyofanya kazi. Ilipopulizwa kwenye mashamba ya majaribio Kinole, inzi wa matunda walikufa kweli. Na mizinga yote ya jirani ikanyamaza.

"Mwenyekiti anayeondoka anatia sahihi asichokisoma," Maneno alisema. "Wewe unasoma. Chukua fomu."

Akachukua. Kwa kuwa hakujitokeza mwingine, watu wakaanza kumwita mwenyekiti kwa utani kwenye korido za chuo. Siku ya mwisho, ofisi ikikaribia kufungwa, Godfrey akaingia na fomu ya pili. Mgombea alikuwa Profesa Ignas Mkude.

Shakila aliposikia jina hilo alivuta kiti akakaa. Profesa Ignas ndiye aliyekianzisha chama. Ndiye aliyemfundisha kumshika mdudu bila kumvunja bawa. Wakati Shakila ana mimba ya mtoto wake wa kwanza, na walimu wengine wanamshauri aahirishe masomo, mzee huyu ndiye aliyembebea mkoba na darubini akapanda naye mlima taratibu, wakipumzika kila penye kivuli. Kushindana naye mbele ya watu lilikuwa jambo asilojua ataanzia wapi. Akaona heri aende kumwamkia kwanza, na ikibidi ajitoe kwa heshima.

Nyumba ya Profesa ipo Bigwa, chini kabisa ya mlima. Mkewe, Mama Juliana, alimfungulia mlango na kumkaribisha, lakini macho yake hayakutulia.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu Shakila." Mzee aliinuka kumpokea. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Akaanza kusimulia safari zao za Kinole, mvua iliyowakuta, mzee aliyewapa hifadhi na ndizi za kuchemsha, jina la kila mdudu waliyemkamata siku ile. Shakila alisikiliza akicheka, moyo ukimrudi mahali pake. Kisha Profesa akamuuliza, "Mzee Abeid hajambo?"

Baba yake Shakila alikuwa amefariki miaka mingi. Profesa mwenyewe alikuwa miongoni mwa watu waliobeba jeneza.

Shakila alimtazama Mama Juliana. Mama Juliana alikuwa anatazama sakafu.

"Hajambo," Shakila akajibu.

"Msalimie. Na tasnifu yako utaikabidhi lini? Usichelewe kama wenzako."

"Karibuni, Profesa."

Alipoaga, Mama Juliana alimsindikiza mpaka getini. Wakasimama hapo.

"Imeanza mwaka jana," mama akasema. "Ya zamani yote anayo. Ya leo hayakai. Kuna siku ananiuliza mimi ni mgeni wa nani."

"Na uchaguzi, Mama? Ameamua mwenyewe?"

"Godfrey ndiye aliyekuja. Alimwambia chama kinamhitaji." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mwanangu, nakuomba usinihukumu. Tangu alipoambiwa anarudi kwenye chama, anaamka mwenyewe, ananyoa ndevu, anakula. Kabla ya hapo alikuwa anakaa anatazama ukuta. Usimwambie mtu. Akijua kwamba watu wanajua, atakufa kabla ya siku yake."

Shakila akaahidi. Angefanya nini kingine, ameshikwa mikono yote miwili?

Kesho yake alimfuata Godfrey ofisini. Alitumaini angalau huyu angeona aibu.

"Katibu, Profesa ni mgonjwa. Na wewe unajua."

Godfrey hakukana. Alimvutia kiti, akamwagizia chai. "Dokta, mzee anapendwa. Watu watakuja kutoka mikoani kwa ajili yake. Kazi ngumu tutamsaidia sisi."

"Kazi gani? Ya kutia sahihi?"

"Basi simama mkutanoni useme," Godfrey alisema kwa upole, kama anamwelekeza njia mgeni. "Sema mzee aliyekulea kitaaluma hana kumbukumbu tena. Sema mbele yake, mkewe amekaa pale. Mimi sitakuzuia."

Chai ikaletwa. Shakila hakuinywa.

Alifikiria kujitoa. Maneno akamkatalia, tena kwa hasira. Kwa vile hakuweza kumweleza sababu, hoja zake zilisikika kama woga tu. Akabaki kwenye kinyang'anyiro ambacho hakutaka kushinda na hakuthubutu kushindwa.

Mkutano mkuu ulifanyika kwenye ukumbi wa hoteli moja upande wa Kigurunyembe. Shakila alizungumza wa kwanza. Alieleza habari za nyuki wa Kinole, dawa inayosubiri muhuri, wakulima ambao michungwa yao itakosa wa kuichavusha. Alisema vizuri, na watu walimpigia makofi ya kutosha.

Kisha Profesa Ignas akapanda jukwaani, na ukumbi mzima ukasimama kabla hajafungua mdomo.

Alianza kwa sauti ile ile ya darasani. Alisema mtaalamu wa wadudu ni mtu anayekubali kupiga magoti, maana kitu anachokitafuta kiko chini. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Halafu akageuza kichwa huku na huku, akimtafuta mkewe, mkono wake ukipapasa ukingo wa meza.

"Gari la Kinole," akasema, "limeshafika?"

Maneno alimwinamia Shakila. "Ana nini huyu mzee?" akanong'ona. "Shakila, kuna kitu unajua?"

Mama Juliana alikuwa mstari wa mbele, mgongo wake umenyooka kama ubao. Shakila alikaza macho jukwaani.

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa mapenzi, akidhani mzee ametania, kwamba anawahimiza vijana warudi mashambani. Kicheko kikasambaa. Makofi yakafuata, tena marefu. Profesa aliyasikia, akatabasamu, akashuka akishikwa mkono na Godfrey.

Kura zilipohesabiwa, Profesa alishinda kwa mbali.

Watu walipokuwa wanatoka kwenda kula, alimfuata Shakila, akamshika bega. "Hongera, mwanangu. Nilijua watakuchagua wewe. Kitunze chama."

"Ahsante, Profesa," Shakila alisema.

Wakamfanya mjumbe wa kamati, ili ionekane hakuna kinyongo. Alikubali kwa sababu alidhani akikaa karibu ataweza kuzuia jambo. Kikao cha kwanza kilipofika, dawa ile ilikuwa ajenda ya kwanza. Alipinga, akaonyesha picha za mizinga iliyokufa, akaomba majaribio yarudiwe. Wajumbe wenzake walimsikiliza mpaka mwisho, kisha wakapiga kura. Aliyekuwa upande wake ni mmoja tu.

Godfrey akaisogeza karatasi mbele ya mwenyekiti na kumpa kalamu.

Profesa Ignas aliitazama kwa muda. Aliiinua kalamu, akaishusha, akaipeleka juu ya ukurasa, akairudisha. Wajumbe walikuwa wameacha kuongea na wote walikuwa wanamtazama, na yeye alijua wanamtazama. Hofu ikamjaa usoni, hofu ya mtoto aliyeulizwa swali mbele ya darasa. Akamgeukia Shakila, aliyekaa kulia kwake.

"Ni hapa, mwanangu?"

"Profesa, tuisome kwanza."

"Imeshapitishwa, Dokta," Godfrey alisema.

"Nimekosea?" mzee aliuliza. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Shakila, nimekosea wapi?"

Kalamu iligonga meza mara kadhaa. Mjumbe mmoja akaanza kumkazia macho, uso wake ukibadilika, kama mtu anayeanza kuelewa.

Shakila akaweka kidole chake kwenye mstari.

"Hujakosea," akasema. "Ni hapa."

Mzee akashusha pumzi, akaandika jina lake lote kwa mwandiko mzuri.

Nje, Mama Juliana alikuwa anasubiri ndani ya gari, kioo kimeshushwa. Aliuliza mumewe ameendeleaje. Shakila alimfungulia Profesa mlango, akamsaidia kukaa, akamfunga mkanda.

"Vizuri, Mama," akasema. "Ameendelea vizuri."

Gari likaondoka kuelekea Bigwa. Shakila alibaki amesimama penye maegesho, na simu yake ikawa inaita mkobani, Maneno akipiga, ikikatika na kuita tena.