Buti za Gadi

Baba yangu alikuwa fundi viatu, lakini ukimuuliza mama atakwambia yeye alikuwa na mke mwenza, na mke mwenza huyo alikuwa na mabehewa thelathini.

Kibanda cha baba kilikuwa nyuma ya nyumba yetu, hatua kama arobaini kutoka kwenye reli. Kila siku saa nne asubuhi, treni ya mizigo ilipokaribia, aliacha sindano ndani ya kiatu cha mtu, akajifuta gundi mikononi na kwenda kusimama kando ya kokoto. Hakuwa anatazama tu. Alikagua magurudumu, behewa baada ya behewa, akitafuta moshi, cheche au mnyororo unaoburuzwa. Asipoona kasoro aliinua mkono wa kulia na kuutuliza hewani, na gadi wa behewa la mwisho akamjibu vivyo hivyo. Mkono mmoja ni salama. Mikono miwili ni simama. Ndivyo watu wa reli wanavyofanya treni ikiwapita, naye alijipa kazi hiyo bila kuajiriwa na mtu.

Kuajiriwa alitaka. Ujanani alikwenda kupimwa akakataliwa, kwa sababu macho yake hayakutofautisha nyekundu na kijani. Mtu mwingine angeichukia reli. Yeye alihamia karibu nayo. Buti za madereva na magadi wa njia ile alizishona yeye, na kila aliporudi kutoka kwenye kokoto alikuwa na la kusimulia. "Mmemwona yule dereva alivyoingia kwenye kona? Hata chai isingemwagika!" Mimi nilipofaulu mtihani wangu wa mwisho aliniambia, "Vizuri, mwanangu." Wivu nilikuwa nao, sioni haya kusema.

Aliugua ghafla, siku tatu tu. Siku ya mwisho aliyoweza kuongea hakuniagiza habari ya nyumba wala ya mama. Alisema, "Waambie vijana wa treni. Wasije wakadhani nimewachoka. Na buti za gadi ziko mezani."

Nikasema nitawaambia. Wiki tano zikapita.

Sikusahau. Kila saa nne dereva alipiga honi mbili fupi za kumsalimu, nami nikawa jikoni nimeshika fagio, nasikiliza, halafu naendelea kufagia. Sikuwa na uchungu. Sikuwa na kitu chochote. Nilipokea wageni, nikajaza fomu, nikagawa nguo zake, na watu wakanisifu kwamba nimejikaza kisabuni. Sikujikaza. Hakukuwa na cha kukaza. Mama alilia kwa niaba yetu sote wawili. Wiki ya tano honi ilipungua ikawa moja tu, kama hodi ya mtu anayejua hatafunguliwa.

"Kama hutaki kuwaambia," mama alisema siku hiyo, "nipe mimi hizo buti nizipeleke."

"Kwa magoti hayo?"

"Kwa haya haya."

Basi nikaenda. Buti zilikuwa mezani kama alivyoziacha: ya kushoto ina soli mpya, ya kulia imebanduliwa, misumari yake midogo imo kwenye kifuniko cha kopo. Nilizibeba nikasimama mahali pake. Nilipajua kwa sababu majani hayakuota pale. Nilipanga vizuri: treni hupunguza mwendo kwa ajili ya kona, nitamrushia gadi buti zake, nitapaza sauti nimwambie, na kazi itakuwa imekwisha. Ilipotokeza, niliziinua juu ya kichwa, moja kila mkono, ili azione tangu mbali.

Maana ya mikono miwili nilifundishwa kabla sijajua kusoma. Siku hiyo haikunijia hata kidogo.

Breki zililia. Mabehewa yaligongana moja baada ya jingine hadi mwisho, na harufu ya chuma kilichopata moto ikanifikia puani. Dereva aliruka chini na mtungi wa kuzimia moto. Kutoka nyuma gadi alikuja mbio na mfuko wa vifaa, miguuni amevaa raba.

"Behewa gani?" dereva aliuliza. "Moshi umeuona wapi?"

"Hakuna moshi."

"Mnyororo?"

"Hakuna."

"Sasa umetusimamisha kwa nini, dada?"

Nikashusha mikono. Gadi alifika anahema, akaziona buti zake.

"Mzee yuko wapi?"

"Amefariki," nilisema, kwa sauti ile ile niliyomwambia nayo karani wa fomu.

"Lini?"

"Wiki tano."

Dereva aliweka mtungi chini. "Wiki tano tunampigia honi marehemu? Na wewe uko humo ndani unatusikia?"

Gadi, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, alikaa kwenye kokoto.

"Mimi nilijua amenuna," alisema. "Siku niliyoleta buti nilimtania. Nilimwonyesha bendera zangu nikamwuliza, mzee, ipi ya kusimama? Wenzangu wakacheka. Kesho yake hakutokea. Nikasema basi, nimemvunja moyo mzee wa watu. Kila siku nasema kesho nitashuka nimwombe radhi."

"Hakununa. Alirudi ndani anacheka. Alitusimulia wakati wa kula, akasema gadi huyo anajua utani. Halafu akaanza buti zako, akaziruka za watu wanne waliotangulia."

Gadi aliinamisha uso. Mtu huyu alikuwa amebeba mzigo wiki tano, na neno langu moja lingemtua. Niliona aibu. Ilikuwa aibu tu, si huzuni.

Alitoa daftari la safari. "Lazima niandike sababu ya kusimama."

"Andika ng'ombe," dereva alisema.

"Siandiki ng'ombe." Aliandika polepole huku akisoma. "Dakika kumi na mbili. Mkaguzi wa njia wa mahali hapa amefariki."

"Hakuwa mkaguzi," nilisema. "Alikuwa fundi viatu."

"Miaka kumi na tisa amenikagulia treni. Ulitaka niandike nani?"

Alichukua buti, akafunga kamba zake pamoja na kuzitundika shingoni.

"Ya kulia haijakwisha," nilimwambia.

"Nimeona. Itabaki hivyo hivyo."

Dereva alikuwa anapanda kwenye kichwa cha treni. "Haya, turuhusu."

"Mimi?"

"Aliyesimamisha ndiye anayeruhusu. Na ukague, usisimame tu kama nguzo."

Niliinua mkono mmoja. Magurudumu yakaanza kupita mbele yangu, nami nikayatazama moja moja: hakuna moshi, hakuna cheche. Kwenye behewa la ishirini mkono ulianza kuuma. Sikuushusha. La mwisho lilipofika, gadi alikuwa mlangoni, buti shingoni, mkono wake umetulia hewani. Mbele kule honi ikalia mara mbili.

"Mke mwenzangu kachelewa leo!" mama aliita kutoka dirishani.

Nilitaka kumjibu. Nikajikuta nalia, na mkono wangu ulikuwa bado uko juu.